Uzi: Uhuru, darubini ya eksirei iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya mwaka 1970, na sababu ya kupeleka darubini juu ya hewa

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, mara nyingi mazungumzo yetu kuhusu darubini za anga za juu huanza na Hubble na kuishia kwa James Webb, kana kwamba kazi yote ya vyombo hivyo ni kutuletea picha za kupendeza. Naomba leo tuanzie pwani yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini katika ghuba ya Ungwana, mkabala na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya takriban kilo 140 ambayo katika nyaraka za NASA iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota na galaksi. Haikuwa na kamera. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna darubini inayofundisha vizuri zaidi kwa nini wanadamu hujitaabisha kupeleka vyombo huko juu.

Wengi wetu hudhani kwamba darubini hupelekwa juu ili ikaribie nyota. Uhuru ilizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, umbali unaozidi kidogo tu safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Nyota ambazo ingezichunguza ziko umbali wa maelfu ya miaka nuru (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), kwa hiyo kuzisogelea kwa kilomita 550 ni sawa na kutosogea kabisa. Sababu ya kweli ni hewa. Angahewa huruhusu mwanga unaoonekana kwa macho, sehemu ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) na sehemu kubwa ya mawimbi ya redio kufika ardhini; karibu mionzi mingine yote hukomea njiani. Ozoni huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno, mvuke wa maji humeza infraredi nyingi, na eksirei humalizwa juu kabisa kabla hazijafika hata kwenye kilele cha Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo mwanaastronomia anayekaa ardhini, awe na kioo kikubwa kiasi gani, mbele ya eksirei ni sawa na mtu aliyefumba macho.

Kabla ya Uhuru, njia iliyokuwapo ni kurusha roketi ndogo zilizopanda juu ya hewa na kuanguka tena. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962 timu ya Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, ilirusha roketi moja kutoka White Sands, New Mexico, ili kutafuta eksirei ambazo huenda Mwezi ungezitoa baada ya kupigwa na miale ya Jua. Vipimo vyao vilinasa badala yake chanzo chenye nguvu nyingi mno upande wa kundinyota la Nge, ambacho baadaye kiliitwa Sco X-1. Roketi ile ilikaa juu ya kimo cha kilomita 80 kwa muda usiofika dakika 6. Katika miaka iliyofuata watafiti waliishi kwa dakika chache za namna hiyo, wakirusha roketi moja baada ya nyingine, na kila mara wakirudi na kipande kidogo cha anga. Giacconi na wenzake walitaka chombo ambacho kingebaki juu mchana na usiku.

Ndani ya Uhuru hakukuwa na kioo wala lenzi. Kulikuwa na masanduku bapa ya chuma yaliyojazwa gesi, yenye madirisha ya karatasi nyembamba ya berili, metali nyepesi inayopitisha eksirei huku ikiizuia gesi isivuje. Katikati ya gesi zilipita nyaya nyembamba zenye umeme wa volti nyingi. Eksirei moja inapoingia, hugonga atomi ya gesi na kung'oa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na waya, na zikiwa njiani hung'oa nyingine, na hizo nyingine zaidi, mpaka waya unapopata mshtuko wa umeme unaoweza kupimwa. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba ukubwa wa mshtuko hulingana na nishati ya eksirei yenyewe. Kwa hiyo Uhuru iliweza kuhesabu eksirei moja moja, kuandika wakati kila moja ilipoingia, na kukadiria nishati yake.

Lakini kuhesabu hakutoshi ikiwa hujui eksirei zimetoka wapi. Kwa sababu hiyo, mbele ya masanduku palikuwa na vizuizi vya chuma vilivyopangwa kama mirija, ili kila sanduku lione kipande chembamba tu cha anga. Seti mbili ziliwekwa zikipeana mgongo: moja iliona upana wa nusu digrii, yaani upana wa Mwezi mpevu tunavyouona, kwa urefu wa digrii 5, nyingine iliona digrii 5 kwa 5. Setilaiti nzima ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12. Chanzo cha eksirei kilipoingia mbele ya mirija, hesabu ilianza kupanda, kilipofika katikati ilifikia kilele, kilipotoka ilishuka. Kwa kujua chombo kilikuwa kimeelekea wapi wakati wa kilele hicho, watafiti walichora ramani ya anga kwa namba. Walipotaka kutazama sehemu nyingine walitumia koili za umeme zilizosukumana na sumaku ya Dunia, na chombo kikageuka polepole bila kutumia tone la mafuta. Walipotaka kukaa na chanzo kimoja kwa muda mrefu zaidi, walipunguza kasi ya mzunguko wake.

Nieleze pia kwa nini Ungwana, kwa maana wapo wanaodhani ilichaguliwa kwa bahati tu. Jukwaa la San Marco lilikuwa la Waitaliano, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, na lipo takriban digrii 3 kusini mwa Ikweta. Hapo Dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Hilo lilikuwa muhimu kwa roketi ndogo kama Scout. Muhimu zaidi, setilaiti inayorushwa kutoka Ikweta inaweza kuzunguka juu ya Ikweta moja kwa moja. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambalo mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia hushuka chini, na chembe zake hugonga vipimo na kuhesabiwa kana kwamba ni eksirei. Setilaiti iliyorushwa kutoka Florida hupita humo mara kwa mara. Uhuru, ambayo njia yake iliinama digrii 3 tu, ilikwepa sehemu kubwa ya eneo hilo. Kwa maneno mengine, mahali pa kurushia palikuwa sehemu ya darubini yenyewe.

Mchangiaji (mwalimu wa sekondari)

Mleta mada, hapo kwenye hewa nimekwama, na najua wanafunzi wangu wataniuliza. Eksirei za hospitali hupenya nyama na kuonyesha mifupa. Inakuwaje hewa, ambayo hata hatuioni, izizuie?

Mleta mada

Mwalimu, swali lako ni zuri na jibu lake liko kwenye uzito. Hewa ni nyepesi, lakini ni nene mno. Nguzo ya hewa iliyosimama juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ardhi ina uzito wa takriban kilo 1, ambao ni sawa na maji yenye kina cha mita 10. Eksirei inayotoka angani ikitaka kufika kwenye kiganja chako, ni sharti ipenye kitu chenye wingi huo wote. Aidha, eksirei ambazo Uhuru ilizipima zilikuwa na nishati ya kati ya kilovolti-elektroni 2 na 20, nazo nyingi ni dhaifu kuliko zile zinazotumiwa kupiga picha za kifua hospitalini.

Mchangiaji

Umeeleza mashine vizuri, lakini bado hujasema iligundua nini. Kuhesabu mishtuko ya umeme ni jambo moja, na kuijua nyota ni jambo jingine.

Mleta mada

Nakubaliana nawe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa kirefu.

Chukua chanzo kiitwacho Cen X-3, kilicho katika kundinyota la Kantarusi, upande wa kusini. Mwaka 1971 timu ya Giacconi iliona kwamba hesabu yake haikuwa tulivu: ilipanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.8, bila kukosea. Kisha wakaona jambo la pili. Mapigo hayo yaliwahi kidogo na kuchelewa kidogo kwa mpangilio uliojirudia kila baada ya siku 2.1, na katika kila mzunguko wa namna hiyo chanzo kilizimika kwa karibu nusu siku. Maelezo yalikuwa wazi: kitu kile kinazunguka nyota nyingine kubwa; kinapotukaribia mapigo yake huwahi, kinapotuacha huchelewa, na kinapopita nyuma ya mwenzake hufichwa. Kitu kinachoweza kujizungusha mara moja kila sekunde 4.8 bila kusambaratika lazima kiwe kidogo na kizito mno. Ni nyota ya nutroni, yenye masi inayozidi ya Jua letu, iliyobanwa ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 hivi.

Jambo lililonishangaza zaidi niliposoma habari hizi ni kwamba mapigo yalikuwa yakiongeza kasi. Pulsa za redio, yaani nyota za nutroni zinazotoa mapigo ya mawimbi ya redio, zilizogunduliwa mwaka 1967, hupunguza kasi kwa sababu hutumia nguvu ya mzunguko wao wenyewe. Cen X-3 ilifanya kinyume chake. Maana yake ni kwamba ilikuwa ikipokea nguvu kutoka nje: gesi ya nyota mwenza ilikuwa ikivutwa, ikizunguka na kuanguka juu yake, na katika kuanguka huko ikipata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Gesi inayoangukia nyota ya nutroni hutoa nishati inayokaribia asilimia 10 ya masi yake, ilhali kuyeyungana kwa haidrojeni kuwa heli, ambako ndiko kunakowasha Jua, hutoa asilimia 0.7 tu. Kabla ya hapo wanaastronomia walizoea kufikiri kwamba moto mkuu wa nyota ni wa kinyuklia. Baada ya Uhuru ilibidi wakubali kwamba mvutano wenyewe unaweza kuwa moto mkubwa zaidi.

Chanzo cha pili ni Cygnus X-1, kilicho katika kundinyota la Dajaja. Kilikuwa kimeshaonekana kwa roketi mwaka 1964, lakini Uhuru ilionyesha kwamba hakina mapigo ya kawaida. Kinametameta ovyo, na kubadilika ndani ya muda ulio chini ya sekunde moja. Fizikia inasema kwamba kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao mwanga hutumia kukivuka, kwa hiyo mahali eksirei zilipotoka palikuwa padogo sana kuliko nyota ya kawaida. Mwaka 1971 hali yake ya eksirei ilibadilika ghafla, na karibu wakati huohuo darubini za redio zikaona chanzo kipya cha redio katika eneo lile. Mawimbi ya redio yalionyesha mahali kwa usahihi ambao Uhuru haikuwa nao, na hapo ikakutwa nyota kubwa ya buluu iliyoorodheshwa kama HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, wakapima mwanga wake kwa darubini za ardhini, wakaona kwamba inayumbayumba kila baada ya siku 5.6 ikizunguka na mwenza asiyeonekana. Masi ya mwenza huyo ilizidi kiwango ambacho nyota ya nutroni inaweza kuhimili. Hivyo ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, la kwanza kukubalika kwa ushahidi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinalipa masi ya takriban Jua 21, kwa umbali wa takriban miaka nuru 7,200.

Tazameni mpangilio wa kazi hiyo: setilaiti, kisha redio, kisha kioo cha ardhini. Wapo wanaosema kwamba darubini za anga za juu zimezifanya za ardhini kuwa za kale. Kwa mfano huu, mimi nasema hapana.

Uhuru iligundua pia kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo haionekani kabisa kwa mwanga wa kawaida, na leo tunajua kwamba masi yake inazidi ile ya nyota zote za galaksi hizo zikijumlishwa. Kazi ya chombo ilikoma mwezi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mchangiaji

Kwa nini hawakuweka kioo tu kama cha Hubble? Na je, Webb haiwezi kufanya kazi hiyo leo?

Mleta mada

Kioo cha kawaida hakirudishi eksirei. Zikikigonga uso kwa uso, hupenya au humezwa. Hata hivyo, zikikigusa kwa pembe ndogo sana, karibu kulala sambamba nacho, huteleza na kubadili mwelekeo. Kwa hiyo vioo vya darubini ya eksirei hutengenezwa kama mapipa yaliyo wazi pande zote mbili, moja ndani ya jingine, na eksirei hupita katikati zikiguswa kidogo tu mpaka zikutane mahali pamoja. Darubini ya Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, ndiyo ya kwanza kutumia mbinu hii kupiga picha kamili za vyanzo vya nje ya mfumo wa Jua. Chandra, iliyorushwa Julai 1999, ina jozi nne za vioo vilivyopakwa iridi na kusuguliwa kwa usahihi wa ajabu. Zote mbili zilitokana na juhudi za Giacconi yuleyule.

Webb imeundwa kwa ajili ya infraredi. Kioo chake cha mita 6.5 kimepakwa dhahabu, na kimewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani nyuma ya ngao kubwa ya kukinga Jua, kwa sababu darubini yenye joto hutoa infraredi yake yenyewe na kujipofusha. Mbele ya eksirei haina msaada wowote.

Mchangiaji (mkazi wa Kilifi)

Sisi tuliokulia huku tuliyaona majukwaa yale kutoka ufukweni bila kuelezwa chochote. Je, kuna kinachoendelea pale siku hizi, au ni chuma tupu? Na nchi ilipata nini?

Mleta mada

Ndugu yangu, urushaji kutoka San Marco ulikoma mwaka 1988. Kabla ya hapo, baada ya Uhuru, zilirushwa kutoka hapo SAS-2 ya miale ya gama mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Darubini nne za anga za juu katika miaka mitano ni urithi ambao sehemu chache duniani zinao, na nasikitika kwamba mtoto wa Ngomeni anaweza kumaliza shule bila kusikia habari zake.

Kituo cha ardhini, kwa upande mwingine, kiko hai. Antena za Malindi hupokea data za Swift, inayofuatilia milipuko ya miale ya gama tangu mwaka 2004. Za NuSTAR, darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 2012. Na za IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ambayo hupima mwelekeo wa mtikisiko wa eksirei. NuSTAR na IXPE huzunguka karibu na Ikweta kwa sababu ileile ya kukwepa mionzi, na ndiyo maana antena iliyo karibu na Ikweta huzifaa. IXPE iliitazama Cygnus X-1 mwaka 2022, na vipimo vyake vilionyesha kwamba gesi ya moto inayotoa eksirei imetandazwa sambamba na sahani ya gesi inayolizunguka shimo jeusi, wala haikusimama kwenye mstari wa michirizi ya chembe inayorushwa kwa kasi kutoka karibu na shimo hilo.

Kuhusu faida ya nchi, kituo kilianzishwa na kuendeshwa na Waitaliano, na kwa miaka mingi mashauri yake yalikuwa mikononi mwao. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaundwa mwaka 2017. Kwangu mimi, kipimo cha mkataba huo kitakuwa idadi ya vijana wa pwani wanaosomea kazi za kituo hicho na kuajiriwa kama wahandisi na wachambuzi wa data. Ulinzi na usafi pekee hautatosha.

Mchangiaji (mwalimu wa sekondari)

Je, data hizo zinapatikana kwa watu wa kawaida? Na je, wanafunzi wangu wanaweza kuiona Cygnus X-1 wenyewe?

Mleta mada

Data zinapatikana, Mwalimu. NASA huhifadhi data za darubini za eksirei katika hifadhi ya wazi iitwayo HEASARC, na hakuna malipo. Anza na orodha ya vyanzo 339 ya Uhuru, kwa sababu ni fupi; wape wanafunzi wazipange nafasi za vyanzo hivyo kwenye karatasi ya grafu, nao wataona wenyewe vyanzo vyenye nguvu vikijikusanya kwenye ukanda wa Njia Nyeupe.

Shimo jeusi lenyewe halionekani, lakini nyota mwenza wake inaonekana. Mwezi Agosti na Septemba, kati ya saa mbili na saa nne usiku, tazameni kaskazini. Dajaja huwa limepanda vizuri kwa mtu aliye pwani yetu. Tafuteni nyota iitwayo Eta Cygni, inayoonekana kwa macho matupu penye giza la kutosha. HDE 226868 iko karibu nayo, umbali usiofika nusu digrii. Macho hayaifikii, lakini darubini ndogo ya shule yenye ramani nzuri ya nyota inaitosha.